Orodha ya matembezi Dar ifuate maeneo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu sehemu za kupeleka watoto jijini Dar es Salaam. Kwa sisi wa Dodoma, ambao tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024 tunashuka Dar kila likizo, orodha hiyo ina kasoro: haionyeshi kipi kiko jirani na kipi.

Kijiji cha Makumbusho na Coco Beach viko Kinondoni. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uko Temeke. Sisi tuliviunganisha vyote siku moja. Mjukuu wangu alilala kwenye daladala, mchanga bado miguuni, mechi hakuiona (na tiketi tulishakata).

Naomba mwichapishe upya kwa kufuata maeneo, mkiweka viingilio na nauli.

Msomaji wenu,
Area C, Dodoma