Malalamiko: mlitupimia alaimenti bila hata kuinua gurudumu

Kwa meneja wa gereji, Kampala

Habari za kazi bosi. Mimi ndo mwenye ile lori nyeupe inayobeba simenti ruti ya Tororo Kampala, nililetewa risiti yenu na bado ninayo hapa mkononi.

Nilipoleta gari niliwaambia vizuri kabisa pale kaunta, tairi ya mbele kushoto inaliwa madoa madoa, mahali imeshuka mahali imebaki juu, hivyo hivyo kuizunguka yote, ya kulia iko safi. Fundi wenu akaipeleka moja kwa moja kwa mashine ya alaimenti, ile ya kupima kama magurudumu yamekaa sawa, akakaza tai rodi, ile fimbo ya usukani inayounganisha magurudumu ya mbele, akasema too, yaani mwelekeo wa tairi za mbele kwa ndani au nje, ilikuwa imetoka, nikalipa 250,000 na tairi mbili mpya mkaniuzia nyinyi wenyewe 1,800,000 kila moja. Wiki tatu tu, madoa yamerudi, kushoto kulekule. Nikapiga simu mkanijibu eti dereva wangu anaruka matuta na hapimi upepo.

Hilo ndo limeniuma sana. Huyo kijana ana miaka 11 kwa hii barabara na kila asubuhi geji iko mkononi kabla hajawasha injini. Halafu upepo ukiwa kidogo tairi inaliwa mabega yote mawili katikati inabaki, na too ikiwa mbaya ukipitisha kiganja juu ya tairi unasikia meno kama ya msumeno, upande mmoja laini upande wa pili inakukwaruza. Yangu haikuwa na hata moja kati ya hayo, na fundi wenu aliiona kwa macho yake.

Juzi karibu na Iganga dereva akasikia mngurumo, akasimama, akaweka mkono karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu, ya kushoto ikawa moto kuliko ya kulia na grisi imemwagika kwa rimu upande wa ndani. Akatafuta mzee mmoja fundi wa pale. Mzee akaweka mawe kwa magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini akaitikisa, ikacheza ko ko ko. Akamwambia tanboi akanyage breki na upepo wa breki umejaa, akatikisa tena, kimya. Akasema ingekuwa kingipini, ile pini gurudumu la mbele linapogeukia, ingeendelea kucheza hata na breki, hii ni beringi. Akazungusha gurudumu huku mkono mwingine umeshika springi, unasikia kabisa inakwaruza ndani. Kufungua, rola za beringi ya nje zimechimbika na njia yake imegeuka bluu kwa joto. Kuijua ilimchukua kama dakika kumi, hakuna mashine hapo, jeki na mikono tu.

Alifunga beringi mpya na sili mpya, akakaza nati huku anazungusha gurudumu, akalegeza, akakaza tena kidogo, akapima na saa ya sumaku, kile kipimo cha mshale, mchezo usizidi inchi 0.005, ndo akafunga loku.

Sasa niambieni, gurudumu linacheza hivyo hizo namba za alaimenti mlizoniandikia zilipimwa juu ya nini? Gurudumu likiyumba hata too inabadilika kila ukiligusa. Na lori lilikuwa na tani za watu wengine, linapita Lugazi na Mukono katikati ya bodaboda na watoto wa shule, hiyo habu ingekwama au gurudumu lingetoka mngesema ni dereva tena?

Ninachotaka ni pesa ya alaimenti 250,000 na bei ya tairi moja, ya kushoto, 1,800,000. Ya kulia siidai, iko sawa. Beringi nimelipa mwenyewe kwa sababu zilikuwa za zamani. Pia nataka huyo fundi aniambie mwenyewe kama aliinua ekseli ya mbele siku ile ama hakuinua, na mpigie dereva wangu simu mumwombe msamaha.

Tairi na beringi zilizokufa ziko kwa stoo yangu Tororo, Jumatatu nakuja nazo asubuhi, tafadhali uwepo ofisini.

Mwenye lori, Tororo