Nyumba Yetu kwa Kimo cha Shubiri Tatu

Wete, Pemba
Oktoba, usiku baada ya isha

Kwa shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natarajia barua hii itakukuta katika uzima wewe, shemeji yangu na mwanangu, kama inavyotuacha sisi huku, alhamdulillahi. Barua yako ililetwa na wifi yangu aliyeteremka na boti Mkoani siku ya Ijumaa, nami niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena usiku watu walipolala. Umeniandikia kwamba mwanangu ana miezi saba na ameanza kujivuta kwa tumbo, ukaniuliza utayarishe nini kabla hajaanza kutambaa. Mimi wakati wangu sikumwuliza mtu swali hilo, na nimejuta. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na yale mengine uliyoyataka, ya bei ya karafuu na ya harusi ya jirani yetu, utanisamehe nikiyaacha hadi barua nyingine.

Mwanao wa huku kwetu, niliyemzaa mimi, ametimiza mwaka mwezi uliopita. Hatukufanya shughuli kubwa: bibi yake alipika maandazi na chai ya maziwa, watoto wa jirani wakaitwa, babu yake akaomba dua, na kabla ya magharibi kila mtu alikuwa kwake. Kliniki walimpima wakakuta ana kilo 9 na gramu 200, naye alizaliwa na kilo 3 na gramu 100, na muuguzi akatuambia kwamba mtoto akifika mwaka na uzito wa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, basi anakwenda vizuri. Urefu wake ni sentimita 74. Baba yake, ambaye kwa useremala wake hakuna kitu asichokipima, aliutia alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango wa ukumbini, kisha akaupima tena kwa mkono wake akapata shubiri tatu na vidole vitatu. Alama ile naitazama kila nipitapo, na ndiyo iliyonifahamisha jambo ninalotaka kukuandikia. Sisi watu wazima tunaijua nyumba kuanzia kiunoni kwenda juu. Mtoto anaishi katika nyumba nyingine, inayoanzia sakafuni na kuishia shubiri tatu, na mimi nilikuwa sijaingia humo hata siku moja.

Alipoanza kutambaa, akiwa na miezi minane na siku chache, nilidhani nimejitayarisha. Nilikuwa nimepiga deki, nimetandika mkeka mpya, na vyombo vya kuvunjika nimevipandisha kabatini. Kisha asubuhi moja nikamkuta ameshika pini ya kubania mtandio, ncha yake imeelekea mdomoni. Nilipokwisha kuitoa na mikono kuacha kutetemeka, nilijifunga kanga kiunoni, nikapiga magoti, nikamfuata kwa kutambaa kuanzia ukumbini hadi uani, nikitazama kila anachokitazama yeye. Shoga yangu, nilishtuka. Chini ya kitanda kulikuwa na pini nyingine mbili, kokwa ya tende na kifuniko cha kalamu. Nyuma ya mlango wa stoo ilisimama chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa mafuta ya taa, yale tunayowashia mkaa, kizibo chake kimelegea, na kwa macho ya mtoto haina tofauti yoyote na chupa tunayomnyweshea maji. Na jikoni kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Nimekuna nazi tangu nina miaka tisa, na siku zote nimeiona mbuzi kutoka juu, kama kibao cha kukalia tu; pale chini niliiona kwa mbele, ulimi wake wa chuma umenyooka kunielekea usoni, meno yamezunguka ncha kama ya msumeno, na katikati ya meno yamekwama machicha meupe ya mchana uliopita, yanayomwita mtoto ayaonje. Ulimi ule ulikuwa sawasawa na macho yake. Tangu siku hiyo mbuzi ikimaliza kazi hukunjwa, hufungwa kitambaa na kutundikwa msumarini, hata kama nazi ya pili itakunwa baada ya robo saa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni hilo, wala halina gharama: tambaa, nyumba nzima, na usitambae ukiwa na haraka.

Pamoja na hayo yote, seredani ilinishinda. Mavyaa yangu hupikia uani, na hata baada ya kununua jiko la gesi hakuiacha seredani yake, kwa kuwa anaamini pweza na maharage haviivi ipasavyo ila kwa mkaa. Jumamosi moja chakula kilikuwa kimeshaepuliwa, moto umefifia, majivu meupe yamefunika makaa, na sote tuliokaa uani tulidhani imepoa. Mwanao alitambaa hadi pale na kujishika ukingoni ili asimame dede. Ukelele aliopiga bado naukumbuka nikiwa peke yangu.

Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Nilimpakata kando ya pipa la maji ya kisima, nikawa nateka kwa kata na kummiminia mkononi polepole, kata baada ya kata. Mavyaa alitoka ndani mbio ameshika dawa ya meno, kwani katika nyumba zetu hiyo ndiyo iliyopakwa kila aliyeungua, na watoto wake wote saba aliwapaka hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kliniki kwamba dawa ya meno, unga na samli huzuia joto kutoka katika ngozi na huweza kulichafua jeraha, na kwamba kinachofaa ni maji baridi yapite juu yake kwa muda wa dakika 20. Unajua si jambo jepesi kumkatalia mavyaa, tena mbele ya mawifi. Nikamwambia, "Mama, naomba tumalize maji kwanza, halafu tutazungumza habari ya dawa." Hakunijibu. Alisimama kidogo, akaiweka ile dawa juu ya ukuta, na mkono wangu ulipoanza kulegea akainama, akaichukua kata mkononi mwangu na kuendelea yeye, huku midomo yake ikimsomea mtoto. Dakika 20 ni nyingi sana mtoto akiwa analia, shoga yangu. Pipa lilikaribia kwisha.

Vidole viwili vilitoka malengelenge. Hospitali walivifunga kitambaa safi, wakatukataza kuyapasua, na baada ya wiki mbili ngozi ilirudi bila ya kovu. Siku ya tatu yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta fundi mwashi uani anajenga jukwaa la matofali la kuwekea seredani, kimo chake kinanifika mimi kiunoni, na nikaja kuambiwa baadaye kwamba aliyemlipa ni mavyaa mwenyewe, kwa fedha zake za karafuu alizokuwa akiziweka kwa ajili ya jambo lake. Habari ya dawa ya meno hakuitaja, wala mimi sikuitaja. Lakini mwezi huu mtoto wa nyumba ya pili aliungua kwa chai, na mtu wa kwanza niliyemsikia akipaza sauti juu ya ukuta alikuwa ni yeye: "Maji, mwanangu! Maji kwanza!"

Nataka nikueleze na la babu yake, kwa sababu linahusu vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyonitisha zaidi. Unalikumbuka bao lake, lile la mashimo 32 ambalo hucheza barazani baada ya alasiri. Kete zake ni 64, komwe za kijivu zilizolainika kwa miaka mingi ya kushikwa, na wachezaji wanapoanza kila mmoja hubakiwa na kete 22 za kunamua. Siku hiyo mgeni wake alihesabu 22, naye akahesabu 21. Akahesabu tena kimya kimya, 21. Hakutazama chini ya mkeka wala mfukoni. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa amekaa kitako miguuni pake, ametulia kuliko desturi yake, na shavu moja limevimba. Bila ya kupiga kelele ya kumshtua alimwinamisha mbele, akapitisha kidole pembeni mwa shavu, na komwe ikatoka ikiteleza mate. Tangu hapo huzihesabu zote 64 kabla ya kufunga mfuko. Kuna jioni adhana iliadhiniwa naye ana 63, na mzee yule asiyekosa safu ya mbele alibaki akipapasa barazani kwa kurunzi mpaka akaiona imeingia ndani ya kiatu cha mgeni.

Ndoo zifunike, na usiache maji katika beseni la kufulia hata yakiwa machache. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na akitumbukia kifudifudi hawezi kujiinua. Hilo sina kisa chake, na naomba Mungu nisiwe nacho.

Sasa nikupe na yaliyo matamu, usije ukadhani kwamba mwaka huu umekuwa wa hofu tupu. Mwanao anakula nasi. Tukiandaa sinia, huketi kati ya bibi yake na mimi, na bibi yake humchambulia changu kwa vidole, kipande akikipapasa mara mbili kutafuta mwiba kabla ya kumpa. Hupenda mchuzi wa chukuchuku usiotiwa pilipili, ndizi mbivu, matembele yaliyopikwa kwa tui, na wali ambao nusu huliwa na nusu hubaki masikioni mwake. Asali ameionja juzi kwa mara ya kwanza, kwani muuguzi alitukataza kabisa kumpa kabla ya kutimiza mwaka, na nakuomba nawe usimpe mwanangu hata kidogo, yeyote atakayekwambia ni dawa ya kikohozi. Ziwa bado ananyonya, na nimenuia kumfikisha miaka miwili kamili kama ilivyotajwa katika Suratul Baqara. Usisahau chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa. Ya pili hutolewa kwenye miezi kumi na minane, na mimi nimeshaitia alama katika kalenda.

Maneno yake ni machache. "Ma" ni mama, ni maji, na ni kila anachokitaka kilicho mbali. Msimu huu karafuu zimeanikwa uani, na mtu mzima akipita karibu na jamvi kwa viatu husikia maneno ya mavyaa hadi msalani. Wiki iliyopita mwanao alimwacha bibi yake, akasimama dede, akapiga hatua moja, ya pili, na ya tatu akaitia katikati ya jamvi, nyayo zote mbili ndani ya karafuu za siku tatu za jua. Sote tulinyamaza tukingoja. Bibi yake aliweka chini kikonyo alichokuwa akichambua, akafungua mikono, akasema, "Njoo, njoo mama, zikanyage, ni zako." Hatua ya nne ilimfikisha kifuani pake. Usiku nilipomvua nguo, vidole vya miguu vilikuwa vinanukia karafuu, nami sikumwosha mpaka asubuhi.

Shemeji yako anakusalimu sana. Ameshamaliza kigari cha mbao cha kujifunzia kutembea, amekipiga msasa pembe zote, na magurudumu yake ameyakaza ili yasikimbie. Kitamfaa mwanangu baada ya miezi michache na kitakuja na boti pamoja na wifi akirudi Unguja. Zaidi ya hicho anataka kuwatengenezea kilango kifupi cha kuzuia mlango wa jikoni, kama alichotuwekea sisi, chenye komeo upande wa nje ambalo mkono mdogo haulifikii. Kwa hiyo nipimie upana wa mlango huo, juu na chini, maana kuta za nyumba za zamani huwa hazilingani, na unipelekee kipimo hicho kwa sentimita. Nakuomba usinipimie kwa shubiri. Nimemwahidi kwamba wewe una futi ya kushonea.

Msalimie mama, na umbusu mwanangu magotini kabla hayajaanza kupata michubuko.

Ni mimi shoga yako wa Wete