YAH: Malalamiko kuhusu gari langu kuharibiwa na mimi kudhalilishwa kwenye gereji yenu ya Tabora

Meneja wa Tawi,
Tabora.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekaa na barua hii siku nne nikisubiri moyo utulie, na haujatulia. Kumbukumbu za gari langu mnazo, na masharti ya dhamana ya siku 90 yaliyo nyuma ya risiti zenu mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo siyarudii hapa.

Nianze na Jumanne. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, taa ya cheki injini imewaka kwa mara ya tatu ndani ya wiki tano. Nilisimama kaunta nikamweleza fundi mkuu wenu, kwa heshima zote, kwamba harufu ya petroli inatoka nyuma upande wa kulia, asubuhi kabla sijawasha gari, na inazidi siku nikitoka kujaza mafuta. Hakuinuka kwenda kuliona gari. Alimaliza kwanza alichokuwa anasoma kwenye simu, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wateja: "Mama, gari siyo jiko la mkaa ulijue kwa kunusa. Nenda kanuse mboga, gari tuachie sisi." Benchi zima likacheka. Mwanangu wa miaka kumi na miwili alikuwa amesimama pembeni yangu ameshika mkoba wangu.

Baada ya hapo kijana wenu mmoja akaingia chini ya gari na mpira wa kompresa, ileile mnayojazia matairi, akapuliza upepo kwenye mfumo wa mvuke wa tangi, ule unaozuia mvuke wa petroli usitoroke, "kutafuta panapovuja". Ndugu Meneja, mfumo ule hupimwa kwa shinikizo dogo mno, dogo kuliko pumzi ya mtu anayepuliza puto. Tairi lenyewe linataka psi thelathini na kitu, na kompresa inatoa zaidi ya hapo. Nilisikia mlio kama wa kitu kilichochomoka. Nikauliza. Nikaambiwa ni kawaida. Gari liliingia kwenu na namba ya hitilafu P0442, yaani uvujaji mdogo. Likatoka na P0455, yaani uvujaji mkubwa. Namba zote mbili zimo kwenye karatasi zenu, zimetoka kwenye mashine yenu.

Na kabla ya Jumanne hiyo kulikuwa na mara mbili nyingine. Mara ya kwanza mashine ilisoma P0442, mkabadilisha plagi. Plagi zinahusika vipi na mvuke unaotoroka kwenye tangi? Mkafuta namba, taa ikazimika, nikalipa, nikashukuru. Siku ya nne nikiwa narudi kutoka Sikonge na ndoo zangu za asali, taa ikawaka tena. Mara ya pili mkabadilisha senza ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, mkafuta tena, na fundi mkuu huyohuyo akanipa ushauri: "Weka fulu tangi kila mara, mpaka mafuta yaonekane mdomoni, taa haitarudi." Nikafuata. Taa haikurudi kwa siku kumi na moja, nikaamini mmetengeneza.

Sasa najua kwa nini haikurudi. Kompyuta ya gari haipimi uvujaji muda wote. Kwa magari mengi inasubiri injini iwe imepoa, na tangi liwe na mafuta ya kiasi, kati ya asilimia 15 na 85 hivi. Tangi likiwa limejaa pomoni, kipimo hakifanyiki. Kwa hiyo mlichonifundisha ni namna ya kuificha taa, na mkaniuzia na senza juu yake. Tena kujaza mafuta kupita pale bomba la sheli linapojikata lenyewe kunayasukuma mafuta mabichi hadi kwenye kopo linalotakiwa kupokea mvuke peke yake, na kopo likilowa hivyo linaharibika. Gereji inayojua kazi yake ingenikataza.

Siku hizo kumi na moja nilikuwa natembea na mvuke wa petroli ndani ya gari pamoja na watoto. Na asali. Kila mtu Tabora anajua asali inavyoshika harufu. Mteja wangu wa Ng'ambo, ninayemuuzia mwaka wa sita huu, alifungua ndoo, akainama, akafunga mfuniko, akanirudishia ndoo mbili za lita ishirini bila kusema neno. Ningemwambia nini? Kwamba gari limetoka gereji?

Aliyetengeneza ni fundi wa Isevya, anafanya kazi chini ya mwembe, hana kaunta wala benchi. Kitu cha kwanza aliniuliza: "Harufu unaisikia wapi, mama, na saa ngapi?" Nikamweleza yaleyale niliyowaeleza ninyi. Akakagua kifuniko cha tangi na mpira wake, ukawa mzima. Akachomoa valvu inayopitisha mvuke kwenda kwenye injini, akaipuliza kwa mdomo ikiwa haina umeme, haikupitisha hewa, akairudisha. Kisha akaleta mashine ya moshi, akaingiza moshi taratibu kwenye mfumo, akapita na tochi. Hazikufika dakika ishirini. Moshi ulitoka mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye mpira wa shingo ya tangi, nyuma upande wa kulia, ufa mwembamba kama unywele. Palepale niliposema. Pa pili ni mpira unaoingia kwenye kopo la mvuke, umechomoka na kupasuka mdomo, upya kabisa, hauna hata vumbi ndani. Huo ni wa kwenu, wa kompresa.

Alilishusha lile kopo alikague kama limelowa petroli. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema: mkaa. Ndiyo kazi yake, mkaa unashika mvuke wa petroli gari likiwa limezimwa, injini ikiwaka mvuke huo unavutwa ukachomwe. Ndugu Meneja, nilikaa chini kwenye tairi bovu. Maana yale maneno yalirudi yote. "Gari siyo jiko la mkaa ulijue kwa kunusa." Watu saba kwenye benchi, niliwahesabu, mmoja wao mzazi mwenzangu wa shuleni, na yeye alicheka akiangalia chini. Kijana wa mapokezi alicheka. Fundi mkuu alirudia kusema "kanuse mboga" mara ya pili. Na mwanangu, tukiwa njiani kurudi, aliniuliza: "Mama, kwani ulikosea?" Sikukosea. Pua yangu ilikuwa sahihi kuliko mashine yenu na watu wenu wote, na mtu aliyetakiwa kusikiliza alinidhalilisha mbele ya mtoto wangu kwa sababu mimi ni mwanamke mwenye gari.

Fundi wa Isevya alinitoza 45,000 pamoja na mipira yote miwili. Hakufuta namba. Alisema iache, kompyuta ikipima yenyewe na kuona hakuna uvujaji, taa itazima. Imezima Ijumaa, baada ya safari kadhaa, nikiwa na nusu tangi.

Ninachodai ni kurudishiwa 360,000: plagi 120,000, senza 180,000, na vipimo vitatu vya 20,000 kila kimoja. Nimekusudia kuwapa siku 14.

Lakini ninavyozidi kuandika naona haitoshi. Mpira mliopasua mlipe ninyi, 45,000 yote. Ndoo mbili za asali mlipe kwa bei ya soko. Na fundi mkuu wenu aniombe radhi palepale kaunta, asubuhi, wateja wakiwa wamekaa benchi, na mwanangu awepo. Sitaki simu, na sitaki kuitwa ofisini mlango ukafungwa. Alichosema hadharani akifute hadharani.

Na siku 14 ni nyingi, mlishanichukulia wiki tano. Nawapa siku saba tangu kupokea barua hii. Zikipita, nakala pamoja na karatasi zenu zenye P0442 na P0455 vinakwenda Tume ya Ushindani, na mipira miwili niliyoihifadhi kwenye mfuko nitaipeleka mahakamani kama kielelezo. Pia, malipo ya senza nilipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, siyo ya mashine ya kodi (EFD). Nilinyamaza siku ile. TRA, watu wa mapato, ofisi yao naifahamu ilipo.

Barua hii naileta mwenyewe. Naomba anayeipokea agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yangu.

Wenu,

Mteja, muuza asali,
Ipuli, Tabora