Saa mbili za mama anayenyonyesha ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba ikifika tunavalishwa utepe wa waridi na kukumbushwa kujipapasa matiti. Ni jambo jema. Lakini katika miaka yangu ya ukunga, kuna habari ambayo sikuisikia ikitajwa kliniki: kunyonyesha kunampunguzia mama mwenyewe hatari ya saratani ya matiti. Tunamwambia anyonyeshe ili mtoto akue, mtoto asiharishe, mtoto awe na akili. Mtoto, mtoto. Na yeye je?

Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake zaidi ya 50,000 waliougua saratani hiyo na karibu 97,000 wasiougua. Kila miezi 12 ya kunyonyesha ilipunguza hatari kwa asilimia 4.3, na hesabu hiyo hujumlisha watoto wote. Aliyenyonyesha watatu kwa miaka miwili miwili ana miezi 72. Chembe za ziwa hukomaa sawasawa zinapotengeneza maziwa, na hedhi inapochelewa kurudi, mwili hupumzika kutokana na homoni zinazoweza kuchochea saratani.

Haya, twende kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Akirudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mwanangu ana digrii na hakulijua hilo. Mtoto akiwa na miezi minne, yeye alikuwa anajifungia chooni ofisini, anakamua, anamwaga kwenye sinki, kisha anarudi mezani na mtandio kifuani kuficha blauzi iliyolowa. Alipoomba ruhusa ya saa moja tu, msimamizi wake, mwanamke mwenzake, alimjibu, "Si umzoeshe chupa?" Akamzoesha. Mwezi wa sita maziwa yakakauka.

Sisemi kunyonyesha ni chanjo. Nimewaona walionyonyesha vizuri wakiugua, na aliyeshindwa kunyonyesha asije akabebeshwa lawama juu ya maumivu yake. Tena kuna kosa linalonitisha zaidi: mama anayenyonyesha akipata uvimbe, nyumba nzima inasema maziwa yameganda. Anakandwa kwa maji ya moto, analetewa kitana achane ziwa, wiki zinapita. Mara nyingi ni maziwa kweli. Ila uvimbe ukimaliza wiki mbili haujaondoka, aende hospitali akapimwe, na aseme wazi kwamba ananyonyesha.

Ombi langu ni kwa maofisa kazi. Wanapokagua mikataba na mishahara, waulize pia: mama wa hapa ananyonyeshea wapi, na saa zake mbili anazipata? Mtoto akiwa mbali, basi akamue kwa staha na maziwa yahifadhiwe. Najua waajiri watalalamikia gharama. Ofisini kwa mwanangu kuna stoo imejaa viti vibovu. Kingetosha kiti kimoja kizima, kitasa cha mlango na soketi ya friji ndogo.

Mkunga mstaafu,
Morogoro