Barua kwa mwanangu: bibi aliyesahau alichofuata

Mwanangu mpendwa,

Ulipopiga simu Jumapili ukasema umemchoka "yule bibi", nilidhani una jirani mkorofi huko Ohio. Kumbe ni bibi wa kwenye hadithi, Phoenix Jackson, na mwalimu wako anataka kurasa sita juu ya uvumilivu na ishara. Hadithi uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisoma mara tatu, kamusi magotini, kwa miwani ya baba yako kwa sababu yangu niliikalia. Kiingereza nilichosomea uuguzi ni cha dozi na vidonda. Hiki cha Eudora Welty, mwandishi wa hadithi yenyewe, kina miiba, misonobari na ndege nisiowajua, kimenitoa jasho. Tangu nimalize sijalala vizuri. Utajua kwa nini ukisoma hadi chini, maana naijua tabia yako ya kuruka barua zangu.

Ishara ulinitajia zote kwa pumzi moja. Jina lake ni la yule ndege wa kale anayeungua kisha akainuka kwenye majivu yake. Kitambaa chekundu kichwani ni moto. Akipanda kilima anasema miguu imekuwa kama ina minyororo, basi hapo ni utumwa. Tumbusi kwenye mti mkavu ni kifo. Sikatai hata moja. Ila unazitaja kama mtu anayehesabu masahani baada ya shughuli kwisha: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, yametimia. Pilau yenyewe hukuila.

Anza na miguu, mama. Ni Desemba, asubuhi na mapema, ardhi imeganda. Bibi mkongwe, mdogo wa umbo, anapita msituni peke yake na kijiti chembamba kilichotokana na mwavuli, akigonga chini. Aproni yake imeshonwa kwa magunia ya sukari. Kamba za viatu hazijafungwa, zinaburuzika, na kuinama kuzifunga ni safari nyingine. Macho hayamfai tena, kwa hiyo ameyaacha, anaisikiliza miguu. Mwishoni kabisa, kwenye jengo la mjini anakofuata dawa, anapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka miguu yenyewe ijue kwamba hapa ndipo pa kusimama.

Ukishaiona miguu, jina la hadithi linaanza kusema: A Worn Path. Nimehangaika nalo jioni nzima. Nikisema njia iliyochakaa, nimesema nusu, maana kuchakaa ni kwa nguo na ndala. Nguo huisha kwa kuvaliwa. Njia ni kinyume chake, huisha kwa kuachwa. Unakumbuka ile ya mkato kwenda kwa shangazi yako, mliyokuwa mkipita kila Jumamosi? Nenda sasa uitafute. Tangu ahamie kwa mwanawe hakuna apitaye, na majani yamefunga. Kwa hiyo mimi naiita njia iliyokanyagwa. Amekwenda mara nyingi mpaka ardhi imemzoea, na siku asipokwenda hakutakuwa na njia.

Barabara kongwe inayotajwa mle, Natchez Trace, nayo ni ya hivyo hivyo. Ilikanyagwa na wanyama na wenyeji wa Amerika, Wachoctaw na Wachickasaw, kabla ya mzungu kuipa jina. Inatoka Natchez, juu ya gema la Mto Mississippi, kwenda Nashville. Mji wa Natchez ulitajirika kwa pamba, na pembeni yake palikuwa na soko kubwa la kuuzia watumwa, Forks of the Road. Welty hataji soko hilo hata kidogo. Lakini bibi anapomwambia muuguzi wa kule mjini kwamba hakusoma kwa sababu wakati wa kujisalimisha alikuwa keshakuwa mkubwa mno kuanza shule, piga hesabu. Majeshi ya Kusini, yaliyopigania utumwa ubaki, yalijisalimisha mwaka 1865. Hadithi ilichapwa Februari 1941 kwenye jarida la Atlantic Monthly. Huyu alizaliwa akiwa mali ya mtu, na sasa anatembea kufuata dawa kwenye mji uliouza watu kama yeye. Kwa hiyo ile minyororo usiiite ishara haraka hivyo. Kwa mwili wa bibi yule inaweza kuwa kumbukumbu tu.

Kuna mtego mmoja nusura uninase, nao utakunasa wewe kwa sababu umelelewa na mimi. Mwindaji kijana anayekutana naye njiani anamwita nyanya, muuguzi anamwita shangazi, karani wa pale pale kwa muuguzi naye bibi. Nilipoyasoma mara ya kwanza nikafurahi: angalau walimheshimu! Kwetu, ukimwita mzee asiye wako "bibi" umemfanya wako, na shikamoo inafuata. Kule Mississippi enzi zile maneno hayo yalikuwa njia ya kukwepa. Mwanamke mweupe aliitwa kwa jina lake la ukoo likitanguliwa na cheo cha heshima, na mweusi akapewa "shangazi" ili cheo kile kisimfikie. Rudia kusoma ukiwa na hilo kichwani, utaona neno tamu linavyoweza kutumika kumshusha mtu ngazi. Mwalimu wako huenda hajui kwamba kwa Mswahili ukurasa ule unasomeka vingine. Mwambie.

Halafu usimfanye malaika. Mbwa mweusi anamwangusha mtaroni, mwindaji anamwinua, anamcheka kwamba anakwenda mjini kumwona Baba Krismasi, na sarafu ya senti tano inamdondoka bila yeye kujua. Bibi ameiona. Anamchochea mwindaji na mbwa wake wamfukuze yule mbwa mweusi, kisha anainama polepole, vidole vikienda kwa uangalifu wa mtu anayetoa yai chini ya kuku aliyeatamia, na sarafu inaingia mfukoni. Ndege anapita angani na bibi anakiri kwamba Mungu alikuwa akimtazama muda wote, naye amefikia kuiba. Mwindaji akirudi anamwelekezea bunduki, basi tu, kumpima. Hatikisiki, anamwambia amekwishaona nyingi zikilia karibu zaidi na kwa makosa madogo kuliko lake. Na yule kijana akimuaga anasema angempa senti kumi kama angekuwa na pesa. Nilicheka peke yangu hadi baba yako akaja kuuliza kuna nini. Uvumilivu wa kwenye mahubiri hauna wizi wala ujanja ndani yake. Huu unao, ndiyo maana nauamini.

Yaliyobaki ya njiani nayapita: miiba anayoisemesha, gogo analovuka juu ya kijito akiwa amefumba macho, sanamu la kutishia ndege analolidhani mzimu kisha akalichezea ngoma. Mazuri, lakini wewe umeshayaandikia kurasa nne. Mimi nataka dirishani.

Amefika. Karani anamwona na kusema bila shaka ni wa msaada wa bure. Muuguzi anatoka, anamtambua: huyu huja kwa ajili ya mjukuu wake, hukata safari hii kama saa ya ukutani. Anamwuliza koo la mtoto vipi. Bibi amekaa wima, kimya, uso haujongei. Amesahau. Ametembea kutoka giza la alfajiri, amevuka yote yale, na alichofuata kimemtoka.

Mjukuu alimeza kostiki, ile soda kali ya kuchemshia sabuni, miaka miwili mitatu nyuma. Hapa niruhusu niwe muuguzi kidogo. Kostiki huunguza umio, na kidonda kikipona kinaacha kovu linalobana. Mtoto anashindwa kumeza, mara nyingine hata mate. Marekani kulikuwa na daktari wa koo, Chevalier Jackson, aliyewatibu watoto wengi wa namna hiyo, akapigania makopo yaandikwe kwamba ni sumu, na sheria ikapita mwaka 1927. Kufanana kwa jina na bibi yetu sikuhesabu kuwa ni ishara, na wewe usijaribu. Ninachotaka ujue ni hiki: dawa ya kutuliza koo hailegezi kovu. Bibi anabeba chupa ambayo haitamponya mtoto, na muuguzi anamwambia waziwazi kwamba ugonjwa ule ni sugu. Anaipokea, anaiweka mfukoni kwa uangalifu. Mtihani ukikuuliza uvumilivu wake ulizaa nini, jibu kwamba ulizaa safari inayofuata.

Ulisema darasani mlibishana kama mjukuu alikwisha kufa zamani. Nimeona kwamba wasomaji walimwuliza Welty swali hilo mpaka mwaka 1974 akaandika makala kulijibu. Alisema lililo hakika kwake ni kwamba Phoenix yu hai, na kwamba safari ni ile ile. Alieleza pia kuwa hadithi ilianza siku alipomwona kwa mbali bibi mmoja akitembea peke yake mashambani wakati wa baridi. Mwendo ulimjia kwanza, sababu akaitafuta baadaye. Mimi nina langu dogo la kuongeza. Tazama nani anauliza swali hilo ndani ya hadithi. Ni muuguzi. Amechoka kungoja, anamwambia bibi asipoteze muda wao, aseme upesi habari za mjukuu, au amekufa? Mnapouliza darasani mmeshasimama upande wa meza aliosimama yeye.

Upande huo naujua. Mwaka 1993, wewe hujazaliwa, nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya huko milimani Lushoto, sikitaji. Kulikuwa na bibi aliyekuja kila mwezi kufuata dawa za kifafa za mjukuu wake. Watu wa kifafa hawawezi kukosa mwezi. Dawa zikikatika mtoto anaanza kuanguka tena, na kwenye nyumba za mafiga anaweza kuangukia moto. Alikuwa anateremka kutoka juu, kijiji ambacho gari lilifika kiangazi tu, anaondoka usiku na kutufikia karibu na saa sita. Siku hiyo foleni ilikuwa hadi nje. Akafika dirishani, akasimama. Nikamwuliza kadi. Kimya. Nikamwuliza jina la mgonjwa. Kimya, ananitazama kama mimi ndiye niliyesahau. Nikasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani, "Bibi, kama hujui ulichofuata kaa pembeni, wenzako wanangoja." Wawili watatu wakacheka. Akaenda kukaa kwenye benchi.

Nilihudumia watu, sijui wangapi. Kisha akainuka, akaja, akalitaja jina la mtoto polepole, kama analivuta kisimani. Akafungua pindo la kanga, kadi ilikuwemo humo muda wote, imekunjwa pamoja na hela yake. Akaniambia, "Niwie radhi mwanangu, njia imekula akili." Mimi ndiye niliyeombwa radhi. Nikamhesabia vidonge bila kumtazama.

Sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako. Mwezi uliofuata nilikuwa nimehamishwa, basi hata kujua kama alirudi sikujua. Nilipofika pale ambapo Phoenix anaomba asamehewe kwa kusahau, kamusi ilinianguka.

Kuna jambo moja nakuomba ulitie kwenye kurasa zako mbili zilizobaki, hata kama mwalimu hakuuliza. Karani anampa senti tano kwa ajili ya Krismasi. Bibi anaitoa na ile ya mwindaji, anazilaza kiganjani pamoja, zote mbili, na anaamua kumnunulia mtoto pangaboi la karatasi. Anasema mtoto atashangaa kwamba kitu kama kile kipo duniani. Ulikuwa unatengeneza ya kuti la mnazi kwa bibi yako Tanga, unachoma mwiba katikati na kukimbia nalo ufukweni, kwa hiyo unajua linavyozunguka. Basi fikiria la karatasi, kwenye upepo wa Desemba, mkononi mwa mtu anayetumia mkono mwingine kwa fimbo. Gogo la kuvuka liko pale pale. Waya wa miba aliotambaa chini yake uko pale pale, na sasa giza linaingia. Welty anatuachia hatua zake za polepole zikishuka ngazi, akanyamaza. Kurudi hakukuandikwa.

Nami wa kwangu nilimwona mgongo tu. Mvua ilikuwa imeanza. Alizitia dawa kwenye rambo, akalikunja mara tatu, akalifunga kifuani ndani ya kanga, ile ya pili akajitanda. Nilikuwa nafunga dirisha. Yule wa Natchez alishuka ngazi. Huyu alikuwa anapanda, anashika majani ya pembeni, anapumzika, anapanda, mpaka ukungu ukamchukua.

Baba yako anakusalimu na anauliza kama zile buti zinakutosha.

Mama yako