Muhogo uliohaririwa vinasaba utapita mlango gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazao yaliyohaririwa vinasaba. Kila mjadala wake unapofika huku Kanda ya Ziwa huishia kwenye swali la kama tuyakubali au tuyakatae, ilhali linalomkwamisha mtafiti na msambazaji wa mbegu ni swali jingine: apeleke maombi yake ofisi gani, na ofisi hiyo italihesabu zao lake kuwa kitu gani.

Uhariri huu, kwa njia ya CRISPR iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, humwezesha mtaalamu kukata mahali alipopakusudia katika vinasaba vya mmea wenyewe, na zao la mwisho linaweza lisiwe na kinasaba chochote cha kiumbe kingine. Watafiti wamekwisha kuvizima vinasaba viwili vya muhogo ambavyo virusi vya michirizi kahawia huvitumia kuzaliana, wakapata mimea ambayo ugonjwa ulipungua makali ingawa haukukoma. Nchini Kenya, wanasayansi wanauhariri mtama ili uhimili kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mazao, na migomba ili ihimili mnyauko. Mkulima wa Sengerema au Ukerewe ambaye amewahi kung'oa shina lililosimama vizuri akakuta mizizi imeoza hahitaji kuelezwa kazi hizo zina faida gani.

Kanuni zetu za usalama wa bioteknolojia ni za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na CRISPR ilionyeshwa kuwa chombo cha kukatia vinasaba mwaka 2012. Itifaki ya Cartagena, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa bioteknolojia ambao nchi yetu ni mwanachama wake, inazungumzia kiumbe chenye mchanganyiko mpya wa vinasaba uliopatikana kwa bioteknolojia ya kisasa. Je, muhogo uliopunguziwa herufi chache za vinasaba vyake, bila kuongezewa kitu, una mchanganyiko mpya? Wanasheria wawili wanaweza kulijibu swali hilo kwa namna mbili, na wote wakawa na hoja. Argentina ilijiwekea utaratibu wake mwaka 2015, Nigeria ikafuata mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022: mwenye zao huwasilisha maelezo yake mapema, mamlaka ikamwambia kama ataingia katika sheria ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba au ataendelea kwa njia ya kawaida ya mbegu. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume mwezi Julai 2018, kwamba mazao hayo yabaki chini ya sheria ile ile ya zamani. Sikubaliani na uamuzi huo, lakini angalau ulimwambia mwombaji mahali aliposimama.

Hapa nyumbani tumeona gharama ya kutojua. Jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, baada ya kanuni kurekebishwa mwaka 2015 ili utafiti uwezekane. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasitishwe na masalia yake yateketezwe. Yale yalikuwa mahindi yaliyoongezewa kinasaba cha nje, jambo tofauti na ninalolizungumzia, lakini ni nani atakayewekeza miaka kumi katika aina moja ya mbegu bila kujua kama agizo la namna hiyo linamngoja?

Hata hivyo, sishauri tunakili mwongozo wa Kenya ukurasa kwa ukurasa. Miongozo ya aina hiyo hutaka zao la mwisho lisibaki na kinasaba cha kigeni, na hapo ndipo mazao yetu yanapopata shida. Kwa kawaida chombo cha kukatia huingizwa kwenye seli kikiwa kinasaba cha kigeni. Kwa mahindi au mtama, mtafiti huzalisha kizazi kingine, akachagua miche iliyobaki na mabadiliko bila chombo. Muhogo, viazi vitamu na migomba hatuvipandi kwa punje. Tunapanda pingili, marando na machipukizi, na ukiuzalisha muhogo kwa mbegu ya ua, watoto hawatakuwa tena ile aina ambayo mkulima aliipenda. Zipo njia za kuhariri bila kuacha chombo ndani, lakini kuotesha mmea mzima kutoka katika seli zilizotendewa hivyo ni kazi ngumu. Mwongozo usiolifikiria hili utayafungulia mlango mahindi, na kuuacha nje muhogo wa Misungwi, ambako ndiko kilipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Nimekaa katika vikao vya wadau vya kutosha kujua kwamba chai huwahi kufika kuliko hoja ya namna hii.

Liko pia suala la mipaka. Kenya ina mwongozo, Uganda haina hadi leo sheria ya usalama wa bioteknolojia, kwa kuwa muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2017 haukutiwa saini na Rais, na sisi tuna kanuni zisizolitaja jambo lenyewe. Lakini pingili za muhogo huvuka kwa baiskeli na mitumbwi. Mkaguzi wa Sirari, mpakani na Kenya, hawezi kuutambua uhariri kwa macho, na hata maabara hupata taabu kuona ufutaji mdogo isipokuwa mwenye zao aseme ni wapi alipokata. Utaratibu mzito kupita kiasi utawafundisha watu kunyamaza.

Kwa hiyo naiomba Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya mazingira, itoe mwongozo wa uhariri wa vinasaba wenye muda maalumu wa kumjibu mwombaji, na useme wazi ni ushahidi gani wa kimaabara utakaotosha kwa mazao ya pingili. Hofu ya wakulima kuhusu umiliki wa mbegu ni ya haki, nayo ijibiwe hapo hapo kwa kumtaka mwombaji aeleze leseni alizonazo na masharti yatakayomfuata mkulima anayempa jirani yake pingili. Nayo Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu iongeze katika orodha ya taifa ya aina za mbegu safu inayoonyesha aina husika ilizalishwa kwa njia gani, ili wakala wa pembejeo wa Buzuruga aweze kumjibu mteja anayemuuliza.

Afisa ugani mstaafu,
Misungwi, Mwanza.