Kidole cha pete na mkono wa kushoto

Buruburu, Nairobi
Julai

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini hamjambo nyote hapo Mombasa, na kwamba mama amepata nafuu ya kifua. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole.

Ni kidole cha pete, mkono wa kulia. Mlango wa matatu ulikibana pale steji, kondakta akiwa na haraka ya kuondoka. Eksrei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Ni ligamenti, nyuzi zinazoshikanisha mifupa, za kiungo cha katikati ndizo zilizovutika. Kimefungwa kwa plasta pamoja na kidole cha kati, na uvimbe unashuka. Hayo yanatosha.

Uliniandikia kwamba nipige kinanda kwa vidole vinne, cha pete kipumzike. Nashukuru kwa kunitia moyo, lakini hapo sikubaliani nawe, na nataka ujue sababu, maana wewe una wanafunzi. Weka kiganja chako mezani sasa hivi. Kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka, kisha jaribu kuinua cha pete peke yake. Umeona? Misuli inayoendesha vidole iko zaidi kwenye kigasha, na kano zake hupita kwenye kifundo cha mkono hadi vidoleni. Mgongoni mwa mkono, kano za cha kati, cha pete na cha mwisho zimeshikamana. Basi ukipiga noti kwa kidole cha mwisho, cha pete nacho kinavutwa, hata kama hakigusi kitu. Hilo si pumziko. Mkono wote wa kulia nimeuweka kando mpaka plasta itoke.

Wa kushoto ndio unaofanya kazi, na kazi yenyewe ni tamu kuliko nilivyotarajia. Sisi tuliojifunzia kinanda kanisani tumeuzoesha mkono wa kulia kuongoza, wa kushoto ukifuata nyuma tu. Sasa napiga sauti mbili za chini za kiume, ile iitwayo tena na besi, peke yake; sopu, sauti ya juu ya kike, naiimba mwenyewe kwa sol-fa (do, re, mi). Shida huja pale sauti hizo mbili zikiachana zaidi ya oktavu (noti nane): siku zote mkono wa kulia ndio ulioshuka kusaidia. Sasa napiga besi kwanza, nakanyaga pedali, kisha mkono unaruka kuifuata sauti ya tena kabla besi haijafifia. Mguu unajifunza kama mkono. Na besi, Neema! Miaka yote tuliyokaa kwaya moja sikuwahi kuisikia ikitembea hivi, ikishuka hatua kwa hatua kuelekea do wakati sopu imetulia mahali pamoja.

Kuna kisa cha Clara Schumann ambacho hakinitoki akilini. Mwaka 1877 mtunzi Brahms alikichukua kipande kiitwacho Chaconne cha mtunzi Bach, kilichoandikwa kwa fidla moja, akakipanga kwa piano, mkono wa kushoto pekee, akamtumia. Kilimkuta Clara ndiyo kwanza amejivuta kano ya mkono wa kulia akifungua droo. Mpiga piano aliyesifika Ulaya nzima, na droo! Mumewe Robert naye aliharibikiwa mkono wa kulia ujanani, na nia yake ya kuishi kwa kupiga piano ikaishia hapo. Chanzo chake hubishaniwa hadi leo. Mtunzi Mrusi Scriabin alipoumia mkono huohuo aliandika vipande viwili vya mkono wa kushoto, Prelude na Nocturne, opus 9, mwaka 1894. Nocturne bado inanishinda. Prelude nimeianza, polepole sana.

Asubuhi za Julai hapa vidole huamka vigumu, kwa hiyo natia mikono yote miwili katika maji ya uvuguvugu kabla ya kukaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameniambia kwamba plasta ikitoka nianze na noti tano tu, do hadi so, kwa sauti ya chini, bila kutanua mkono. Maumivu yakiwepo bado kesho yake asubuhi, basi nimezidisha. Nitaanzia kwenye kinanda cha umeme cha nyumbani, ambacho vibonye vyake ni vyepesi. Piano ya kanisani ni nzito, itangoja.

Sasa nina ombi. Agosti kuna harusi, na kwaya inanitegemea kwa wimbo wa kuingilia. Sitaki kuwaangusha, wala sitaki kukilazimisha kidole. Wewe una mkono mzuri wa kuandika muziki: nipangie upya ule wimbo, wa kulia upewe sopu tupu, alto (sauti ya chini ya kike) waimbe wenyewe, na vyote vilivyobaki uvishushe kwa wa kushoto. Usiogope kuujaza, unaweza. Ukiweza kunitumia beti mbili za kwanza wiki hii nitaanza nazo, nyingine zifuate.

Msalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Mwende